Mchagua Jembe si Mkulima: Tuichunguze Kompyuta Kuukuu Kabla ya Kuihukumu

Imekuwa desturi siku hizi, katika maofisi na katika nyumba za walimu, kwamba kompyuta yenye umri wa miaka minane au kumi ikianza kupoteza intaneti mara kwa mara, hukumu yake hutolewa papo hapo, pasipo shauri kusikilizwa wala shahidi kuitwa. "Hiyo imezeeka, nunua nyingine." Anayetamka maneno hayo huwa ni jirani, au mwenye duka, au mhudumu wa kampuni anayejibu simu za wateja, na mwenye kompyuta, kwa kuwa amekwisha kuchoka, hukubali. Hukumu hiyo hapana budi ipingwe, na ipingwe bila kigugumizi. Haina haki, haina utaalamu, na gharama yake hubebwa na mtu asiye na fedha za kuchezea.

Tusidhani kwamba jambo hili ni dogo. Mtumishi wa umma wa leo huomba likizo na uhamisho kwa kupitia mfumo wa ESS, na hujaza malengo na utekelezaji wa kazi zake katika mfumo wa PEPMIS. Mwalimu hutafuta mihtasari, vitabu na mitihani iliyopita kwa njia ya intaneti. Mawasiliano yakikatika katikati ya kujaza fomu, kazi ya nusu saa hupotea na huanzwa upya usiku, watoto wakiwa wamelala. Mwalimu anayeambiwa kwamba dawa ni kompyuta mpya huingia katika mkopo utakaokatwa kwenye mshahara wake kwa miezi mingi. Akiisha kuinunua huiweka juu ya meza ileile, nyuma ya ukuta uleule, karibu na ruta ileile, na intaneti huendelea kukatika kama jana. Je, hapo nani amesaidiwa, zaidi ya aliyeuza?

KUMBUKUMBU

Nchi yetu inayo kumbukumbu ya kufaa katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu zilizokabidhiwa mashine hizo kuvurugika. Baadaye marufuku hiyo iliondolewa. Hapa si mahali pa kuamua kama uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kila zama zina hoja zake. Lakini somo lake ni wazi: kilichopungua siku zile hakikuwa upya wa mashine, bali watu wa kutosha walioielewa. Mashine isiyo na mtu anayeielewa ni mzigo, iwe mpya au kuukuu. Ajabu ni kwamba leo, baada ya miaka hamsini, kompyuta zimejaa kila mahali, nasi tunarudia kosa lilelile kwa namna nyingine: badala ya kujifunza mashine tuliyonayo, tunatafuta mashine nyingine ya kutoielewa.

MNYORORO

Kiini cha upotofu huu ni kudhani kwamba intaneti imo ndani ya kompyuta. Haimo. Intaneti ni safari yenye vituo vingi. Ndani ya kompyuta iko kadi ndogo ya waifai. Kutoka hapo habari hupita hewani mpaka kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta hupita kwa waya au kwa mnara wa simu mpaka kwenye mitambo ya kampuni inayokuuzia huduma. Na kutoka hapo, aghalabu, hupita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari mpaka ng'ambo. Kukatika kwa kituo kimoja tu huonekana mezani pako kwa sura ileile: ukurasa haufunguki.

Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na nchi za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwamo, zikakaa siku kadhaa na intaneti dhaifu. Siku hiyo kompyuta iliyotoka dukani asubuhi na kompyuta ya mwaka 2012 zilikuwa sawasawa. Aliyeikemea kompyuta yake siku hiyo alimkemea asiyehusika.

Basi swali la kwanza la mtu mwenye akili ni hili: mnyororo umekatika wapi? Swali la umri wa kompyuta linaweza kungoja. Kulijibu swali la kwanza hakuhitaji shahada. Kunahitaji utaratibu uleule ambao mwalimu wa sayansi huwafundisha watoto wa kidato cha kwanza: badili jambo moja tu kwa wakati mmoja, tazama, andika.

MASHAHIDI

Shahidi wa kwanza ni simu. Iunge katika waifai ileile inayotumiwa na kompyuta, uzime bando la simu yenyewe ili isikudanganye, kisha ungoje. Kompyuta ikipoteza intaneti, tazama simu wakati huohuo. Ikiwa nayo imepoteza, kompyuta si mkosaji. Ikiwa simu inaendelea vizuri, basi shauri limekaribia meza yako.

Shahidi wa pili ni waya. Kompyuta nyingi za mapajani za zamani zina tundu la waya wa mtandao, jambo ambalo nyingi za sasa, kwa kutafuta wembamba, zimelikosa. Iunge kompyuta na ruta kwa waya huo kwa siku moja au mbili. Kukatika kukikoma, ugonjwa uko katika waifai, yaani katika kadi, katika hewa, au katika mapatano kati ya kadi na ruta. Kukiendelea, shuku ruta na yaliyo nyuma yake.

Shahidi wa tatu ni amri ya ping, ambayo kila kompyuta ya Windows inayo tangu zamani. Fungua kidirisha cheusi cha amri, andika ping ikifuatwa na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na mwishoni uongeze -t ili isikome. Katika kidirisha cha pili, fanya vivyo hivyo kwa anwani ya 8.8.8.8, iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Kisha endelea na kazi. Mawasiliano yakikatika, soma vidirisha viwili hivyo. Ruta ikinyamaza, tatizo liko kati ya kompyuta na ruta. Ruta ikijibu na ya nje ikanyamaza, tatizo limekwisha kutoka nyumbani mwako. Zote zikijibu lakini tovuti hazifunguki, aghalabu ni ile huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba ndiyo iliyokwama, na dawa yake ni kubadili mpangilio mmoja tu.

Shahidi wa nne, na aliye muhimu kuliko wote, ni daftari. Andika saa ya kila kukatika na nini kilikuwa kinatendeka. Kumbukumbu ya wiki moja husema mambo ambayo fundi wa mtaani hataweza kuyajua kwa kuitazama mashine kwa dakika tano. Ikionekana kwamba intaneti hukatika kila jioni kati ya saa mbili na saa nne, wakati watu wote wa mtaa wamerejea nyumbani, huo si uzee wa kompyuta. Ikionekana kwamba hukatika kila umeme unapocheza, ruta ndiyo inayozimika na kuwaka upya, na kinachohitajika ni betri ndogo ya kuishikilia. Na kwa wale wanaotumia simu zao kuwa ruta, daftari huenda likaonyesha kwamba intaneti hupotea kila shangazi anapopiga, kwa sababu simu nyingine huacha au hupunguza mawasiliano ya intaneti wakati wa maongezi.

WALIOJIFICHA

Sasa tuseme uchunguzi umeonyesha kwamba kompyuta peke yake ndiyo inayopoteza waifai. Je, hapo wenye kusema "imezeeka" wameshinda? La hasha. Hapo ndipo kazi inapoanza, na mara nyingi ndipo aibu yao inapodhihirika.

Kwanza, Windows ina mpango wa kuokoa umeme unaoiruhusu kompyuta kuizima kadi yake ya waifai kila inapodhani kwamba haitumiki. Katika baadhi ya kompyuta za zamani kadi ikiisha kuzimwa hivyo haiamki vizuri. Ruhusa hiyo ni alama moja ya tiki katika sifa za kadi. Ikiondolewa, kadi huacha kusinzia. Mtu asiyeijua tiki hiyo huenda akatumia mshahara wa miezi kuikwepa.

Pili, kadi huendeshwa na programu ndogo ambayo mafundi huiita draiva. Windows inapojisasisha, huweza kuiondoa draiva iliyotengenezwa kwa kadi hiyo na kuweka nyingine ya jumla isiyoielewa vyema. Ikiwa daftari linaonyesha kwamba matatizo yalianza baada ya sasisho, irudishwe draiva ya awali, au itafutwe iliyo sahihi katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta.

Tatu, kadi nyingi za zamani hutumia masafa ya gigahezi 2.4 peke yake. Masafa hayo yamejaa watu. Ndani yake kuna njia tatu tu zisizogongana, yaani ya 1, ya 6 na ya 11. Na katika nyumba za kupanga zilizobanana, ruta kumi huweza kuwa zinapiga kelele katika njia moja. Jiko la maikrowevu nalo hufanya kazi karibu na masafa hayohayo, na hivyo huivuruga waifai kila linapopasha chakula. Kuhamishia ruta katika njia iliyo tupu, kuitoa nyuma ya friji au kabati la chuma, na kuiweka juu mahali pa wazi, ni matengenezo yasiyogharimu hata senti moja.

Nne, ruta mpya hupendelea ulinzi wa WPA3, uliotangazwa mwaka 2018, ilhali kadi ya zamani inajua WPA2. Katika hali hiyo kadi huweza kukataliwa, au kuungwa na kutupwa mara kwa mara. Kadi haiumwi, inasemeshwa lugha ambayo haijapata kufundishwa. Mpangilio wa ruta ukirejeshwa kwenye WPA2, mazungumzo huendelea.

Tano, na hili liwafunge mdomo wenye haraka: ndani ya kompyuta kuna betri bapa mfano wa sarafu, aghalabu ya aina ya CR2032, inayoitunza saa wakati kompyuta imezimwa. Betri hiyo ikifa, kompyuta huamka ikidhani kwamba ni miaka kumi au zaidi iliyopita. Tovuti salama hutambulishwa kwa hati zenye tarehe ya kuanza na ya kwisha; kompyuta iliyopotea katika kalenda huziona hati hizo kuwa batili na kuzikataa. Mwenye kompyuta huona waifai imeungwa, alama zote zimejaa, lakini hakuna kinachofunguka. Atasema intaneti imekufa. Kumbe kilichokufa ni betri inayouzwa katika duka la saa kwa bei ya soda chache. Ni kompyuta ngapi zimetupwa stoo kwa kifo cha betri hiyo?

Sita, iko kompyuta ambayo haipotezi intaneti hata kidogo, bali inaimaliza. Iliyokaa wiki tatu bila kuwashwa, siku ya kuwashwa huanza kuvuta masasisho yote yaliyolimbikizana, na bando la mwalimu huisha kabla hajafungua barua yake ya kwanza. Windows inao mpangilio wa kuitambulisha waifai kuwa ni ya kulipia kwa kipimo. Ukiwekwa, masasisho mengi hungoja ruhusa.

HAKI YA ANAYELIPA

Yapo makosa yasiyo ya kompyuta wala ya nyumba, bali ya anayeuza huduma. Hapa nako tuseme wazi. Mteja anayepiga simu kulalamika mara nyingi huambiwa azime ruta na kuiwasha, na akipiga tena huulizwa kompyuta yake ina umri gani. Swali hilo la pili ni mlango wa kutokea. Mteja asiye na ushahidi hushindwa hapo hapo, huona haya, na hukata simu.

Lakini mteja mwenye daftari hashindwi. Husema: katika siku saba zilizopita huduma ilikatika mara kumi na nane, saa hizi na hizi; ruta ilikuwa ikijibu wakati wote; simu na kompyuta vilipoteza intaneti kwa pamoja; na nilipotumia waya hali ilikuwa hiyohiyo. Hayo ni maelezo ambayo mhandisi hawezi kuyapuuza. Na akiyapuuza, uko utaratibu: lalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, kwa maandishi, na lisipotatuliwa hupelekwa kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Watumishi wa umma wanaelewa kuliko mtu mwingine yeyote kwamba jambo lisilo na maandishi halina faili, na lisilo na faili halina uamuzi. Iweje watu walewale wakifika nyumbani wadai haki yao kwa manung'uniko matupu?

KWELI YA UPANDE WA PILI

Wako watakaosema kwamba mwandishi anatetea takataka. Hapana. Haki huwa na pande mbili, na zipo nyakati ambazo mashine kuukuu ina kasoro ya kweli. Kadi ya waifai huweza kufa, na waya mwembamba wa antena yake huweza kuchomoka kwenye bawaba ya kioo kwa kufunguliwa na kufungwa kwa miaka mingi. Lakini hata hapo kinachohitajika ni kadi nyingine, au kidude kidogo cha waifai cha kuchomeka katika tundu la USB. Mtu akivunjikiwa na mpini hanunui shamba jipya.

Hoja nzito zaidi ni ya usalama. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari, 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11 inazikataa rasmi kompyuta nyingi za zamani, hata zilizo nzima. Ni kweli kwamba kutumia mfumo usiopata masasisho ya ulinzi ni hatari, hasa kwa anayeshughulikia nywila na kumbukumbu za kazi, na hatari hiyo isipuuzwe. Lakini tutofautishe mambo mawili. Kukoma kwa masasisho hakuikati waifai. Anayesema hivyo anachanganya maradhi mawili ili auze dawa moja. Na kwa hatari ya usalama pia iko njia isiyo ya dukani: mifumo ya Linux, kama Ubuntu na Linux Mint, hutolewa bure, hupata masasisho, na huendesha vyema kompyuta nyingi ambazo Windows 11 imezikataa. Ambaye amechunguza, akapima, akaona kwamba mashine yake kweli imefika mwisho, na anunue mpya kwa moyo mweupe. Tunayempinga ni yule anayenunua kabla ya kupima.

WAJIBU

Hasara ya tabia hii haiishii katika mfuko wa mtu mmoja. Tazameni stoo za maofisi na za shule: kompyuta zimerundikwa, zimeandikwa "mbovu" kwa chaki, na hakuna karatasi inayoeleza ubovu wake ni upi. Zile ni mali ya umma. Haifai mali ya umma ifutwe kwa neno la mdomo. Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila kompyuta inayotupwa kwa kosa la ruta huongezwa katika rundo hilo.

Basi wajibu wetu ni upi? Mkuu wa ofisi aagize kwamba hakuna kompyuta itakayotangazwa kuwa mbovu kwa sababu ya intaneti mpaka imejaribiwa kwa waya, imepimwa dhidi ya ruta na dhidi ya nje, saa yake imetazamwa, na matokeo yameandikwa. Mwalimu wa kompyuta alifanye jambo hili kuwa somo la darasani: wanafunzi wapewe mashine inayopoteza mawasiliano, na waambiwe waeleze ni kituo kipi kilichokatika na wamejuaje. Watajifunza mtandao kwa siku hiyo moja kuliko kwa muhula mzima wa kunakili maana za maneno ubaoni. Na kila mmoja wetu nyumbani aweke daftari karibu na ruta.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Hawakumaanisha kwamba jembe lililokatika lisibadilishwe. Walimaanisha kwamba yuko mtu ambaye kila msimu analaumu jembe, na kila msimu shamba lake ni magugu. Tusiwe mtu huyo. Usiku huu intaneti ikikatika, kabla ya kulihesabu deni la kompyuta mpya, chukua simu, chukua waya, chukua kalamu, uulize swali lililo sahihi: mnyororo umekatika wapi?